Tolkien kitabuni, redioni na kwenye sinema: kipi kikae juu?

Hapa Unguja, wapenzi wa hadithi za Tolkien wamegawika pande mbili ambazo ni nadra kusikilizana. Upande mmoja ni wa wale walioingia kwa mlango wa filamu tatu za Peter Jackson, zilizotoka kila Disemba kuanzia mwaka 2001 hadi 2003, wakazitazama kwa sidii zilizopita mkono kwa mkono, na wengine wakazitazama katika mabanda ya video huku mtu akisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Upande wa pili ni mdogo zaidi, nao ni wa waliosoma vitabu, aghalabu kwa nakala za kuazima zilizokwisha majalada. Wa kwanza wakiambiwa wapange orodha, filamu zile tatu huzikalisha juu, na vitabu huvitaja kwa heshima bila ya kuvifungua. Wa pili hupanga kwa hesabu ya makosa: kila tukio lililoachwa na kila mhusika aliyeongezwa humpunguzia mwongozaji alama. Kwa malezi mimi ni wa upande wa pili, lakini orodha yangu haikubaliki kwa upande wowote, kwa sababu naona kwamba wote wawili wanapima kwa mizani isiyofaa.

Nianze na kinachopangwa. J.R.R. Tolkien, mzaliwa wa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, aliyeondoka huko akiwa mtoto mdogo na baadaye akawa profesa wa Oxford, alichapisha The Hobbit mwaka 1937, hadithi ya watoto kuhusu Bilbo, mtu mfupi mpenda starehe za nyumbani, anayesafiri na vibeti kumi na watatu kwenda kukomboa dhahabu iliyokaliwa na joka. Mwaka 1954 na 1955 ikatoka The Lord of the Rings, ambamo pete aliyoiokota Bilbo safarini inafahamika kuwa ni silaha ya Sauron, bwana wa maovu, na Frodo, mrithi wa Bilbo, anatakiwa aipeleke kwenye mlima wa moto ilikofuliwa ili iangamizwe humo. Kazi hii ni moja, ingawa gharama za karatasi za wakati ule zililazimisha itoke kwa majalada matatu. Tolkien alifariki mwaka 1973, na miaka minne baadaye mwanawe Christopher akachapisha The Silmarillion, tarikh ya zama za kale za ulimwengu huo huo. Yaliyofuata, kuanzia filamu ya katuni hadi tamthilia ya televisheni, yamejengwa juu ya vitabu hivi vitatu, wakati mwingine juu ya kurasa chache tu za nyongeza zake.

Hoja ya wanaodai uaminifu kamili si ya kubezwa. Mwaka 1958 Tolkien mwenyewe alipelekewa muhtasari wa filamu iliyokusudiwa kutengenezwa Marekani, akaujibu kwa ukosoaji mrefu na mkali, akilalamika kuwa mwandishi wake amependelea mapigano, amewatumia ndege tai ovyo na ameubana muda wa hadithi mpaka safari ikapoteza uzito. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, Christopher Tolkien aliliambia gazeti la Ufaransa la Le Monde kwamba filamu za Jackson zimekipasua kitabu na kukifanya sinema ya mapigano kwa vijana wa miaka 15 hadi 25. Mtu anaweza kusema kuwa hayo ni maneno ya mrithi aliyeukumbatia urithi wake, lakini huyu ni mtu aliyetumia maisha yake kusoma miswada ya baba yake neno kwa neno, na alichokilalamikia kinaonekana. Kitabuni, Faramir, ndugu mdogo wa shujaa aliyeshindwa na tamaa ya pete, anaipata nafasi ya kuichukua na anaiacha, na kukataa kwake kunatuonesha kuwa binadamu anaweza kushinda mtihani ule. Katika filamu ya 2002 anawakamata wasafiri na kuwaburura hadi mji wa Osgiliath kabla ya kubadili nia. Aliyesema kuwa hilo ni badiliko dogo hakukisoma kitabu, au alikisoma akitafuta vita.

Hata hivyo, wanaodai uaminifu wanasahau kwamba mtunzi wao ndiye wa kwanza kuigeuza hadithi hii. Katika toleo la 1937 la The Hobbit, Gollum, kiumbe anayeishi pangoni kando ya maji meusi, anashindana na Bilbo kwa vitendawili huku pete ikiwa ndiyo zawadi. Akishindwa na asiione pete, anaomba radhi na kumwonesha mgeni wake njia ya kutokea kwa adabu kabisa. Baada ya kuanza kuandika kitabu kikubwa, Tolkien aliona kuwa mwenye pete ya namna ile hawezi kuitoa kwa adabu, na toleo la mwaka 1951 likatoka na sura nyingine: Gollum amejaa ghadhabu na kiu ya kuua, na Bilbo, akiwa haonekani na upanga mkononi, anamwona adui yake peke yake, mnyonge, asiye na mwanga wala matumaini, akamhurumia, akamruka na kumwacha hai. Tukio hilo, ambalo kila kitu baadaye kinalitegemea, halikuwamo mwanzo.

Nasi watu wa visiwa hivi tuna sababu zetu za kutoshangazwa na hadithi inayogeuka. Mwaka 1870 Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu hapa, alichapisha London ngano alizozipata kwa wasimulizi wa Zanzibar, na mojawapo ni ile ya Sultani Majinuni, ambamo kijana mdogo anakwenda kumsaka Nunda, mla watu. Kila akiua mnyama humletea mama yake na kumwimbia kuwa amemuua Nunda, na kila mara mama humjibu kwa wimbo kuwa huyo siye. Msimulizi anaweza kuongeza wanyama au kuwapunguza, akaifanya safari ya siku moja kuwa ya mwezi, akamtia sultani ucheshi ambao Steere hakuusikia, na hakuna atakayemlaumu. Lakini akiuacha wimbo wa mama, watoto waliokaa mkekani watamkatiza, kwa sababu bila ya jibu lile hakuna Nunda na hakuna ushindi. Nataka kuzipima kazi zilizotokana na vitabu vya Tolkien kwa namna hiyo hiyo: kibwagizo kimo au hakimo?

Kibwagizo cha hadithi hii, kwa maoni yangu, ni huruma aliyofanyiwa Gollum na jinsi inavyolipa. Frodo anapolalamika mwanzoni kuwa ni hasara Bilbo hakumuua kiumbe yule alipopata nafasi, mchawi Gandalf anamjibu kuwa ni huruma ndiyo iliyouzuia mkono wa Bilbo, na kwamba Gollum huenda bado ana kazi ya kufanya kabla ya mwisho. Safari yote inatembea juu ya jibu hilo. Mlimani, mbele ya moto, Frodo anashindwa. Anaivaa pete na kutangaza kuwa ni yake, na hakuna shujaa wala jeshi linaloweza kumzuia. Gollum ndiye anayemvamia, anamng'ata kidole na kukitoa pamoja na pete, kisha kwa furaha yake anateleza na kutumbukia. Laiti Bilbo, Frodo au Sam, mtumishi anayesafiri na Frodo, angemuua mapema kwa haki aliyokuwa nayo, ulimwengu ungeangamia. Wenye kuisoma kazi hii kama kisa cha wema kuwapiga ubaya kwa panga wanaacha katikati yake tupu.

Kwa upande wa vitabu, basi, The Lord of the Rings ni wa kwanza, na ndani yake kitabu cha nne, yaani nusu ya pili ya jalada la kati, ambamo Frodo, Sam na Gollum wanatembea peke yao, ndicho kilele. Hapo nimekutana na upinzani mdogo. Ugomvi unaanza ninapoiweka The Silmarillion nafasi ya pili na The Hobbit ya tatu. Wanaopinga wanasema, na wana haki, kuwa The Hobbit ndicho kitabu pekee cha Tolkien ambacho mwanafunzi wa skuli mwenye Kiingereza cha wastani anaweza kukimaliza kwa raha, ilhali The Silmarillion imejaa majina, haina mazungumzo ya kutosha na inaanza na uumbaji wa ulimwengu kwa muziki kabla ya kumpa msomaji mtu yeyote wa kumfuata. Lakini ugumu huo ni wa msomaji aliyezoea riwaya. Aliyekulia karibu na tarikh na silsila, akasikia wazee wakihesabu nani alimzaa nani, nani alihama kutoka wapi na ni kiapo gani kilichowagombanisha ndugu, anaikuta The Silmarillion ikimsemesha kwa sauti anayoijua. Kiapo cha Fëanor na wanawe saba, kinachowalazimisha kuuana na jamaa zao kwa ajili ya vito vitatu, kinasomeka kama msiba wa ukoo, na ni huko tunapojifunza kwa nini katika ulimwengu huu kumiliki kitu kizuri ni hatari kuliko kukikosa. Yaliyobaki nayapita haraka: The Children of Húrin, iliyotoka 2007, ni nzuri na ya kuhuzunisha mno, na yale majalada kumi na mawili ya miswada ni ya wenye subira ya mwanachuoni.

Tukija kwenye kazi zilizotokana na vitabu, kiti cha kwanza nakipa mchezo wa redio wa BBC wa mwaka 1981, ulioandikwa na Brian Sibley na Michael Bakewell kwa vipande 26 vya nusu saa. Ian Holm, ambaye miaka ishirini baadaye alikuja kuwa Bilbo katika filamu za Jackson, humo ni Frodo. Bill Nighy ni Sam, Michael Hordern ni Gandalf na Peter Woodthorpe ni Gollum. Uzuri wake mkubwa unatokana na upungufu wake: redio haina tembo wakubwa wala majeshi ya kuonesha, kwa hiyo vita havina pa kujitanua, na nafasi inabaki kwa watu wanaosemezana. Gollum hasa ni mtu wa sauti, mwenye nafsi mbili zinazogombana ndani ya koo moja, na mchezo wa redio unamfaa kuliko chombo kingine chochote. Zaidi ya hayo, mchezo huu umeuhifadhi mwisho ambao filamu ziliuacha, pale wasafiri wanaporudi kwao Shire na kuikuta imetawaliwa na kuharibiwa. Kitabuni, huko ndiko Frodo anapokataza mchawi mwovu Saruman asiuawe hata baada ya kujaribu kumchoma kisu, na Saruman anamchukia kwa wema huo kuliko ambavyo angemchukia kwa kisasi. Kibwagizo kinaimbwa mara ya mwisho, nyumbani, baada ya vita kwisha.

Upande wa filamu hunijibu kuwa siwezi kumpa kiti cha kwanza mgeni ambaye hapa hakuna aliyemsikia. Mchezo huo ni wa Kiingereza cha waigizaji wa majukwaa ya zamani, ni wa saa kumi na tatu, na unamtaka mtu akae kimya asikilize katika zama ambazo hata taarifa ya habari huangaliwa kwenye simu. Sehemu ya hoja hii naikubali: anayetaka kuanza leo nitampa filamu ya mwaka 2001, wala sitamtesa kwa sidii za redio. Lakini swali la nani aanze na nini ni tofauti na swali la kazi ipi imefaulu zaidi, na visiwa ambavyo vimekulia na michezo ya redio haviwezi kudai kwamba havijui kusikiliza. Nawakumbusha pia wenzangu wa upande wa vitabu kuwa mchezo huu nao umemwacha Tom Bombadil, yule mzee wa msituni ambaye kukosekana kwake hutajwa kama dhambi ya kwanza ya Jackson. Kazi iliyokuja kumleta Bombadil ni tamthilia ya The Rings of Power katika msimu wake wa mwaka 2024, na sijaona aliyeipandisha daraja kwa sababu hiyo.

Nafasi ya pili ni filamu ya 2001, na sababu yangu inaweza kuwashangaza wapenzi wake. Mandhari ya New Zealand na muziki wa Howard Shore ni mambo yasiyohitaji mtetezi. Ninachokisifu ni kosa la makusudi: mazungumzo ya Gandalf na Frodo kuhusu huruma, ambayo kitabuni yanafanyika mapema, nyumbani kwa Frodo, filamu imeyahamishia gizani, katika machimbo ya Moria, Gollum mwenyewe akiwa anawafuata nyuma yao. Mwenye kuhesabu makosa ataandika kosa moja hapo. Kwa kipimo changu, hapo ndipo waandishi walipothibitisha kuwa wanajua hadithi inahusu nini, kwa kuwa jibu la Gandalf linatamkwa wakati anayezungumziwa yuko hatua chache tu kutoka kwao, na muda mfupi kabla ya Gandalf mwenyewe kuanguka shimoni.

Filamu ya 2003 ilipata tuzo 11 za Oscar kati ya 11 ilizopendekezwa kuzipata, na wengi huona kuwa kuishusha ni ukaidi. Naiweka ya tatu kwa sababu mbili. Kwenye ngazi za Cirith Ungol, kitabuni, Gollum anarudi na kumkuta Frodo na Sam wamelala, uso wake unalainika, ananyoosha mkono na kugusa goti la Frodo kama mzee aliyechoka, na kwa muda mfupi anakaribia kutubu. Sam anazinduka, anamkemea, na mlango unafungwa. Huruma inakosekana mara moja tu, kwa mtu mwema kuliko wote, na gharama yake ni kubwa. Filamu imeliacha tukio hilo na badala yake ikatunga hila ya makombo ya mkate, inayomfanya Frodo amfukuze Sam. Mwishoni tena, badala ya Gollum kuteleza kwa furaha yake, Frodo anapambana naye ukingoni mpaka wote wawili wanaporomoka. Najua wanaotetea: katika sinema, shujaa asiyefanya lolote kwenye kilele huwaacha watazamaji mikono mitupu. Pengine ni kweli, lakini mikono mitupu ya Frodo ndiyo iliyoifanya kazi hii isifanane na nyingine.

Ya 2002 ni ya nne. Andy Serkis, anayemwigiza Gollum, kwa zile dakika ambazo Gollum anabishana na nafsi yake na kuifukuza, anakaribia kuiokoa peke yake, lakini Faramir anaizamisha. Liko pia jambo ambalo msomaji wa mwambao huu hulipita kwa shida. Watu wa Harad, wa kusini, weusi kwa maelezo ya mtunzi, wanakuja na tembo wakubwa kumpigania Sauron, na sisi tulio kwenye visiwa ambavyo vilisafirisha pembe za ndovu kwa miongo mingi tunajua ramani ya namna hiyo ilichorwa kwa macho ya nani. Wapo wanaosema kuwa hilo linatosha kukishusha kitabu, na wapo wanaosema kuwa ni ramani ya kubuni tu, isiulizwe. Mimi natazama ukurasa ambapo Sam anamwona askari wa kusini ameanguka karibu yake, akajiuliza jina lake lilikuwa nani, ametoka wapi, kama kweli alikuwa mwovu wa moyo au ni uongo na vitisho vilivyomtoa kwao. Ukurasa huo hauifuti ramani, lakini unamhurumia adui bila ya kuombwa. Filamu iliyooneshwa kwenye majumba ya sinema haikuwa nao. Maneno hayo yaliingia katika toleo refu tu, tena kwa kinywa cha Faramir. Kwa hiyo wengi wa waliotazama hapa walichokiona ni watu waliojichora nyuso wakiporomoka kutoka migongoni mwa tembo.

Baada ya hizo, orodha inashuka haraka. Filamu ya kwanza ya The Hobbit, ya 2012, naiweka ya tano, juu ya katuni ya Ralph Bakshi ya 1978 ambayo ilikatika katikati ya hadithi, kwa sababu moja tu: mchezo wa vitendawili pangoni na Bilbo kushusha upanga wake vimefanywa vizuri kiasi cha kusamehe mengi. Hayo mengi ni kukivuta kitabu kimoja chepesi mpaka kikatoa filamu tatu, na ya 2014, ambayo karibu yote ni vita, iko mwisho kabisa wa orodha yangu.

The Rings of Power, iliyoanza mwaka 2022, inastahili kutetewa na kulaumiwa kwa wakati mmoja. Waliochukizwa na kumwona mwigizaji mweusi akiwa mke wa mwanamfalme wa vibeti au mwenye asili ya Puerto Rico akiwa elf, kiumbe wa ngano asiyezeeka, walilalamikia jambo lisilo na uzito, na ubora wa kazi yenyewe wakaacha kuujadili. Udhaifu wake uko kwingine. Watengenezaji hawakuwa na haki ya kutumia The Silmarillion, wakategemea zaidi nyongeza za kitabu kikubwa, kisha matukio ya zaidi ya miaka elfu yakakusanywa ndani ya maisha ya watu wale wale. Kuanguka kwa Númenor, ufalme wa kisiwani, kunaumiza kitabuni kwa kuwa vizazi vingi vinapita kati ya fahari na kiburi. Ukivifuta vizazi hivyo, kiburi kinaonekana kama hasira ya wiki. Iko ya saba, na ile katuni ya Kijapani ya 2024 kuhusu Helm wa Rohan, iliyokuzwa kutoka kurasa chache za nyongeza hizo hizo, inaifuata kwa karibu.

Mwezi wa Mei 2024 ilitangazwa filamu nyingine, kuhusu msako wa Gollum, na atakayeiongoza ni Andy Serkis mwenyewe. Kitabuni, msako huo unasimuliwa kwa maneno machache: Aragorn anamkamata kinamasini, Gandalf anamhoji, na ma-elf wa msitu wa Mirkwood wanakabidhiwa kumlinda. Kwa kumwonea huruma, walinzi wanamtoa kila kulipokucha vizuri wamwache apande mti ahisi upepo, na siku moja anakataa kushuka. Usiku huo maadui wanavamia naye anatoroka. Wema wa walinzi ndio uliomfungulia, na kutoroka huko ndiko kulikomfikisha mlimani. Filamu itakayoupa mti ule nafasi yake nitaiweka juu ya ile ya 2002 bila ya kusita, na ikiwa ni mbio za farasi na panga tu, nafasi iliyo jirani na ile ya 2014 bado iko wazi.